Mabior, Ng'ombe wa Maji Moto

Shemeji yangu Manyok Lueth ana ng'ombe sita, na ukiwakusanya wote sita hawajazi ncha ya sindano. Hawali majani, hawaibiwi, hawaugui. Anazaliwa mmoja, anakimbia, anagongana na mwenzake, anakufa, na wewe hapo bado unajiandaa kupiga chafya. Kazi ya shemeji ni kujua wanakimbia kwa kasi gani. Miaka minne ameifanya kazi hiyo hapa Kakuma, kwenye meza ya plastiki, nyuma ya nyumba ya dada yangu Nyachuol, ambaye ndiye mke wake.

Nianze na yeye mwenyewe. Ni mrefu, mrefu hata kwa Mdinka, na kwa kuwa milango ya kambi haikupimwa kwake, ana alama ndogo juu ya paji la uso ambayo haiponi. Ikikaribia kupona anasahau kuinama. Aliingia Kakuma mgongoni mwa mama yake. Alisoma hapa, akapata ufadhili, akaenda chuo kikuu, akarudi na digrii ya kemia, akaanza kufundisha sekondari ile ile aliyosoma. Sisi ni Wanueri. Alipokuja kumposa Nyachuol maneno yalikuwa mengi, upande wao na upande wetu, lakini yaliisha, na kilichobaki ni utani tu: nani ana ng'ombe wazuri, Mdinka au Mnueri. Utani huo unapikwa kila siku nyumbani kwetu, na mwenye ng'ombe hakuna.

Hakuna kwa sababu kambini mkimbizi hafugi ng'ombe. Ng'ombe ni wa wenyeji, Waturkana, na malisho ni yao. Sasa, kwa Wadinka kijana akifika umri wake baba humpa dume, na kuanzia siku hiyo watu wanamwita kwa rangi ya dume lile. Mweupe ni Mabior, mwekundu ni Malual, mweusi kwa mweupe ni Majok. Anamtungia wimbo, anacheza ameinua mikono kama pembe zake. Manyok alipofika umri huo baba yake alikuwa ameshakufa na dume halikuwepo. Mama yake akamwita, akamwambia: ng'ombe wako ni Mabior, yupo, usiulize yuko wapi. Basi. Vijana wenzake wakamcheka mpaka wakachoka. Kambini kila kitu kina karatasi yake, chakula kina karatasi, safari ina karatasi, wakasema na Mabior pia ni ng'ombe wa karatasi.

Hayo maji moto sasa. Mimi niliacha shule darasa la tano, kwa hiyo naeleza kama nilivyosikia jikoni. Miale ile kali ya nyuklia ikipita ndani ya maji inayapasua. Vipande vinatawanyika kama mbuzi waliosikia fisi, halafu vinaanza kugongana vyenyewe kwa vyenyewe. Vingine vinarudiana vinakuwa maji tena, vingine vinatoa hewa, vingine vinatafuna chuma cha bomba. Kwenye mitambo ya umeme wa nyuklia maji hayo yana joto la nyuzi mia tatu, yamefinywa yasipate nafasi ya kuchemka. Mtu asipojua vipande vinagongana kwa kasi gani kwenye joto hilo, hajui bomba lake litaisha lini. Ndiyo kazi hiyo.

Nyachuol alisema kumbe ni sufuria ya presha. Manyok akakubali, ndiyo, presha hasa. Nyachuol akasema presha yake yeye ukiifungua unakuta maharagwe, hiyo nyingine ukiifungua unakuta nini? Manyok akasema shahada ya juu, ile anayoisomea chuo kikuu kwa mbali. Akafuta meza, akaendelea kuandika.

Yeye hana mtambo wala miale. Anachukua vipimo vya watu wa mbali wenye mashine, anaviingiza kwenye laptop, na laptop inawakimbiza wale ng'ombe sita, yaani vipande vya namna sita, kwa pamoja kuanzia nyuzi ishirini na tano mpaka mia tatu. Halafu anaangalia mwisho wa mbio kama unafanana na ule uliopimwa kweli. Shida ni kwamba laptop yenyewe haipendi joto. Ikifika saa tano mchana inazima. Kwa hiyo inakaa juu ya gunia lililoloweshwa maji, na gunia likikauka tunasikia anaita kutoka nyuma ya nyumba kwamba Mabior amezimia, tulete maji. Majirani walidhani tuna mgonjwa.

Hayo majina ya ng'ombe yalianzia darasani. Vipande vile vina majina ya Kiingereza ya kuvunja meno, na wanafunzi wake walikuwa wakiyasikia wanalala. Siku moja akafuta ubao, akasema huyu mdogo kabisa, mwenye chaji, anayewashinda wote kwa mbio, ni Mabior. Huyu mkali anayenyang'anya kila anayekutana naye ni Majok. Huyu ni Malual. Darasa likaamka. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na watoto uwanjani wanagombana kuhusu Majok na Malual nani atamshika mwenzake kwanza. Wasomali wa darasa lile wakalalamika kwamba hakuna ngamia, akawaambia ngamia ni maji yenyewe, ndiyo yamewabeba wote. Wakaridhika.

Hata kwenye laptop akawaandika kwa majina hayo hayo. Alisema kompyuta haijali, hata ungempa yule mwenye chaji jina la Nyachuol ingepiga hesabu tu. Nyachuol akamwambia ajaribu aone.

Ilibaki jambo moja, kutetea kazi yake mbele ya maprofesa, na hapo ndipo alipoanza kukonda. Mtihani huo ni wa kuzungumza, wao huko chuoni, yeye huku, kwa mtandao. Mara ya kwanza mtandao ulikatika akiwa bado anasalimia. Mara ya pili upepo ulileta vumbi, sola ya mtandao ikafunikwa, lakini yeye hakujua. Alizungumza dakika ishirini mbele ya uso wa Profesa Kipchumba, mwenyekiti wao, ambao ulikuwa umegandia kwenye skrini, mdomo wazi, macho yamekodoka. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona profesa hapepesi macho. Manyok akaniambia baadaye hajawahi kusikilizwa vizuri namna ile.

Chuo kikaandika barua. Miaka yake ya masomo imekwisha, wanampa Alhamisi moja ya mwisho, isipowezekana jina linatoka kwenye orodha ya chuo. Hakuna tena baada ya hiyo. Nyachuol aliisoma barua mara mbili, akaikunja ndogo kabisa, akaiweka chini ya kopo la chumvi kama vile ingeweza kupeperuka na kwenda kujitangaza mtaani.

Aliyetuokoa ni Sally Jerotich. Huyu alisoma kemia darasa moja na Manyok, kwao ni upande wa Kapedo ambako mto wenyewe unatoka ardhini ukiwa moto, na sasa ni mtumishi wa serikali Lodwar, anapima maji ya visima. Alisema maabara yake ina mtandao wa waya, upepo upige upendavyo. Na gari lao lingekuwa Kakuma Jumatano kuchukua maji ya kupima. Manyok akapata karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Na mimi nikapata yangu siku hiyo hiyo, kwa sababu nilikuwa na jino. Shavu lilikuwa limevimba kama nimeficha andazi, na daktari wa kambini alikuwa ameandika likang'olewe Lodwar. Kuongea siwezi, kutafuna siwezi. Macho yalikuwa mazima.

Dereva wa gari la maabara ni Nanok, Mturkana, mwanamume mwembamba mwenye kofia yenye unyoya, na nyuma amepanga chupa za maji ya visima kwenye kreti kama mayai. Tukasalimiana, ejok, ejok. Manyok akakaa mbele, akaanza kukariri Kiingereza chake kwa kioo cha gari. Nanok alivumilia mpaka kambi ikaisha. Halafu akauliza mwalimu ana ng'ombe wangapi. Hayo ni maswali ya kawaida kwa Mturkana, ni kama kuuliza umeamkaje. Manyok, ambaye akili yake ilikuwa kwenye Kiingereza, akajibu sita.

Gari likapunguza mwendo. Nanok akamwangalia. Mkimbizi, ng'ombe sita?

"Wanakaa wapi?" akauliza.

"Kwenye maji."

"Kule Longech, ziwani? Mwalimu, mamba watakumalizia."

Basi ikabidi Manyok aeleze kutoka mwanzo, miale, maji, vipande, mbio, na Nanok anaitikia kwa koo tu. Alipomaliza Nanok akaendesha tu. Nilidhani ameudhika. Tulipita ngamia, tukapita lori lililoharibika, tukapita ngamia wengine. Ndipo Nanok akauliza huyo mweupe ana pembe za namna gani. Manyok akasema hana pembe, ana chaji. Nanok akafikiria, akasema ng'ombe wasio na pembe wapo, babu yake alikuwa na mmoja, na ndiye aliyekuwa mkorofi kuliko wote.

Alhamisi saa tatu tulikuwa maabara. Jerotich alitupokea kwa chai, mimi akanipa ya vuguvugu na kuniwekea kiti karibu na feni ya dari. Chumba ni kidogo: meza, friji ya chupa, kompyuta, kalenda. Mtihani ni saa nne. Manyok akaweka juu ya meza kitabu chake cha utafiti, kile kile alichokuwa ametuma chuoni wiki mbili kabla, na Jerotich akakichukua kuangalia tu, huku anapuliza chai.

Nilimwona anavyofungua kurasa. Ukurasa, ukurasa, ukurasa, akasimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akaweka kikombe chini taratibu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akashika friji, na chupa ndani zikaanza kulia kling kling kling.

"Manyok," akasema alipopata pumzi, "hawa ni nani?"

Ilikuwa ni michoro. Mwezi wa mwisho msimamizi wake alitaka irudiwe ifike mpaka nyuzi mia tatu, na Manyok aliiambia laptop ichore upya yote, akaibandika, akatuma haraka gunia likiwa linakauka. Kwenye maandishi alikuwa amebadilisha majina yote, moja moja. Michoro aliisahau, na michoro ilikuwa imetoka na majina yale laptop iliyoyajua. Ukurasa wa arobaini na moja, kwa Kiingereza kizuri kabisa cha chuo kikuu, ulisema: kasi ya Mabior kugongana na Mabior, kadiri joto linavyoongezeka. Arobaini na mbili: Majok na Malual. Kwenye arobaini na tatu walikuwa wote sita, kila mmoja na mstari wake wa rangi. Michoro kumi na minane.

Manyok alikaa chini. Alikuwa amekaa tayari, lakini alikaa tena, chini zaidi. Akasema maprofesa wameshakisoma. Akasema wameshakaa na kitabu chenye ng'ombe kwa wiki mbili. Kisha akasema atapiga simu aseme anaumwa, na akaniangalia shavu langu kwa wivu.

Jerotich akamwambia akiumwa leo jina linatoka leo. Zilibaki dakika kumi na tano. Wakakubaliana, harakaharaka, kwamba akiulizwa atasema ni majina ya ndani ya kompyuta tu, herufi zilizojipanga hivyo, hazina maana yoyote. Jerotich akamfanyisha mazoezi. Mabior ni nini? Si kitu, ni alama tu. Vizuri. Tena. Mabior ni nini? Ni alama tu.

Nanok alikuwa mlangoni na kreti ya chupa mikononi. Sikujua amesimama hapo muda gani.

"Utamkana ng'ombe wako," akasema, "mbele ya watu?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua vizuri. Jerotich akamwambia aweke chupa ndani ya friji na aachane na mambo ya mtihani. Lakini nilimwona Manyok. Mkono wake ulikuwa umeenda kwenye ile alama ya paji la uso, anaisugua, kama anavyofanya anaposhindwa kwa maneno na Nyachuol.

Saa nne skrini ikafunguka. Walikuwa watatu: Profesa Kipchumba, safari hii anapepesa macho, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, na mzee ambaye hakusema chochote mpaka mwisho. Mimi nilikuwa pembeni ya feni, hawanioni. Manyok alizungumza nusu saa kwa Kiingereza, na sauti yake ilikuwa nzuri, haikutetemeka. Kila alipofika kwenye mchoro alisema mchoro huu, mchoro ule, bila kutaja mtu, kama anayepita karibu na nyumba ya anayemdai.

Wakafungua vitabu vyao. Profesa Kipchumba akalowesha kidole, akafika anakotaka. Akavua miwani.

"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema kwa Kiingereza. "Mabior ni nani?"

Aliuliza nani, hakuuliza nini. Jerotich, aliyekuwa kando ya skrini, akafanya kwa midomo: a-la-ma. Nanok alikuwa bado mbele ya friji, chupa moja mkononi, hajaiweka.

"Ni ng'ombe wangu, Profesa," Manyok akasema, na akasema kwa Kiswahili.

Jerotich akafunika uso.

Manyok akaendelea, maana ukishasema hivyo huwezi kusimama. Akaeleza habari ya mama yake, na dume lisilokuwepo, na darasa lililolala. Akasema hakutaka jina hilo liingie kwenye michoro, ni kosa lake, anaomba radhi, lakini hawezi kusema si kitu. Profesa Kipchumba alisikiliza bila kuvaa miwani. Mtandao wa Lodwar ulikuwa mzuri, nilihakikisha, alikuwa anapumua. Kisha naye akaacha Kiingereza, akauliza kwa Kiswahili cha Rift Valley: sawa, huyo Mabior mbona anachoka?

Maana kwenye mchoro wote wanaongeza mbio joto likiongezeka, Majok, Malual, wote. Ila Mabior akigongana na Mabior mwenzake, mstari unapanda mpaka karibu nyuzi mia moja na hamsini, halafu unaanguka. Mama wa miwani akaingia hapo. Akasema yeye ng'ombe hawamsumbui, kinachomsumbua ni mstari huo, joto linaongeza kasi, kila mwanafunzi anajua, kwa hiyo hapa kuna hesabu iliyokosewa. Akasema kama hesabu imekosewa kazi yote imeanguka.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Miaka minne yote ilikuwa imekaa juu ya mstari ule.

Manyok akajaribu kwa Kiingereza, mama akatikisa kichwa. Akajaribu kwa kalamu, kamera haikuona. Akaniangalia mimi, akaangalia friji, akamwangalia Nanok, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

Akamwomba Jerotich ageuze kamera. Akavuta meza. Akachukua kreti tupu, akaiweka katikati ya chumba, akasema hili ni zizi. Halafu akainua mikono juu ya kichwa chake, mirefu ile, imepinda kama pembe, feni ikawa inapita karibu kabisa na vidole. Nanok aliweka chupa chini. Hakungoja kuombwa. Akavua kofia, akainua yake.

Manyok akawaambia maprofesa hivi: hawa ni Mabior wawili. Mabior hawezi kumgonga mwenzake barabarani, kwa sababu wote wana chaji moja na wanasukumana. Lazima kwanza waingie zizi moja, dogo, maji yenyewe ndiyo yanalijenga kuwazunguka. Wakiwa humo ndani wanashikana, na hapo ndipo hewa inapotoka. Nyuzi ishirini na tano, akasema, na wakaanza kutembea polepole kuzunguka chumba, wanatafutana, wanakutana, kila mmoja akatia mguu ndani ya kreti, wakagusana mikono. Nyuzi mia, akasema, na wakakimbia. Sijawahi kuona watu wawili warefu wakikimbia ndani ya chumba kidogo namna ile. Kalenda ilianguka. Walikutana kwenye kreti kwa kishindo, na Nanok akatoa sauti ya dume ambayo iliwafanya watu wa ofisi ya pili waje mlangoni.

Nyuzi mia mbili, Manyok akasema, anahema. Sasa wanakimbia zaidi, lakini angalieni zizi. Wakaja mbio, wakatia miguu, na kabla mikono haijagusana akaipiga kreti teke, ikateleza, Nanok akarukia huku yeye akarukia kule. Joto linavunja zizi kabla hawajashikana. Wanafika haraka, wanatoka haraka, hakuna kitu. Tena, akasema. Wakarudia. Nanok sasa alikuwa ameanza wimbo wa ng'ombe wake mwenyewe, wa kijivu, ambaye hakuwa kwenye utafiti kabisa. Mguu wake ukapiga chupa, ikavunjika, maji ya kisima cha Kakuma yakatambaa sakafuni.

Mimi nilikuwa nimeshika shavu kwa mikono yote miwili. Kucheka na jino lile ni adhabu, na sikuweza kuacha.

Walisimama. Mama wa miwani alikuwa ameegemea karibu sana na kamera yake, tunaona jicho moja na mnyororo. Akauliza, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, mwalimu amejuaje kwamba zizi linavunjika.

"Sijui, Profesa," Manyok akasema. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye kola. Akaeleza kwamba wenye mashine wenyewe bado wanabishana, kuna wanaosema ni zizi, kuna wanaokataa. Yeye anajua kitu kimoja. Akimlazimisha Mabior aendelee kupanda mpaka mia tatu, hewa inayotoka mwisho hailingani na iliyopimwa. Akimwacha achoke, inalingana. Jedwali liko ukurasa wa hamsini na sita, na hilo halina ng'ombe.

Mama akafungua hamsini na sita. Akasoma. Akachukua kalamu, akaandika kitu kidogo pembeni, akafunga.

Wakatuambia tusubiri. Skrini ikawa nyeusi. Jerotich alichukua kitambaa akapangusa sakafu, akamwambia Nanok hiyo chupa iliyovunjika atairudia Kakuma kesho asubuhi, na Nanok akasema vyema tu, na macho yake bado yako kwenye kreti. Manyok alikaa na mikono magotini. Feni ilizunguka. Nilihesabu pigo la jino langu, nikafika mia nne na kitu.

Skrini ikarudi. Profesa Kipchumba alikuwa amevaa miwani na uso wa kazi. Akasoma kwa Kiingereza, maneno marefu, na nilikuwa namwangalia Jerotich usoni kwa sababu yeye angeelewa kabla yangu. Jerotich akaanza kuruka hapo hapo alipokuwa, miguu miwili kwa pamoja, bila sauti. Amefaulu. Kuna marekebisho: ng'ombe watoke kwenye michoro yote kumi na minane ndani ya mwezi mmoja. Profesa akaweka karatasi chini, akaongeza kwa Kiswahili kwamba huyo Mabior, lakini, anaweza kubaki kwenye ukurasa wa shukrani, maana hata kwao dume linaitwa kwa rangi yake. Yule mzee aliyekuwa kimya akasogea kwenye kipaza sauti, akauliza swali lake la kwanza na la mwisho, Nanok ni mwanafunzi wa mwaka gani.

Manyok alisimama kwa furaha, mikono juu kabisa, pembe zote mbili. Feni ikamgonga vidole. Hakusikia.

Jino langu liling'olewa saa nane. Nilitoka hospitali nusu ya uso sina, nikamkuta Manyok kwenye kivuli cha ukuta, vidole viwili vimefungwa bandeji, anampigia Nyachuol simu. Alimweleza yote, mbio, zizi, chupa, mama wa miwani. Nilisikia dada yangu anapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Halafu akatulia, akauliza jambo, na Manyok akacheka mpaka akaegemea ukuta. Dada alikuwa anataka kujua kama aliwaambia maprofesa kwamba ng'ombe wa Kinueri angefika nyuzi mia tatu bila kuchoka.

Sasa tuko nyumbani. Barua ya chuo imetoka chini ya kopo la chumvi, imewashiwa jiko. Laptop iko kwenye gunia lake, na Manyok anafuta majina, mchoro mmoja kwa siku, hana haraka. Leo asubuhi alikuwa kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Nilipita na maji ya gunia nikamsikia anamwambia mtu pole, taratibu, kama unavyomwambia ng'ombe unapomfungua kamba. Akasogea nimwage maji. Kwenye skrini mstari ulikuwa pale pale, unapanda, unaanguka, na jina limebaki nusu: bior.